MREJESHO: Tarumbeta langu la zamani lililokuwa linavuja hewa

Wakuu, niliuliza kwa nini Olds Ambassador yangu (tarumbeta la kampuni ya Olds ya Marekani), ile ya Los Angeles kabla kiwanda hakijahamia Fullerton, inatoa sauti yenye upepo na kugoma noti za juu. Wengi mlisema pistoni (zile za kubonyeza kwa vidole) zimelika. Pistoni ni nzima kabisa, wale jamaa walijua kutengeneza!

Aliyelenga ni mkuu aliyesema nikague kizibo cha tundu la kutolea mate. Kilikuwa kimekauka na kusinyaa, hewa inapita pembeni. Nimeweka kipya, na noti za katikati zimekuwa nene na safi mara moja.

Kuhusu kipulizio (kile cha kuwekea midomo), nimejaribu saizi ya 3C ya kampuni ya Bach na kurudi kwenye 7C. Kwa Bach, namba ikishuka kikombe hupanuka, na kwenye 3C midomo yangu inachoka kabla ibada haijaisha. Ila noti za juu zimenijia zaidi kwa zoezi mlilonipa: noti ndefu, taratibu, bila kukandamiza midomo. Asanteni sana kwa hilo.

Sasa natafuta fundi wa kunyoosha mbonyeo kwenye mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta, Moshi au Arusha. Mwenye kumfahamu anijulishe.