Mstaafu wa JWTZ amerudi Mbeya: halmashauri inaweza kumsaidia nini hasa?

Njiapanda_Uyole

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari za kazi.

Mjomba amestaafu JWTZ, ana miaka 54. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa vikosi vya Morogoro na Arusha, sasa amerudi Uyole. Mkewe ana 47. Kijana wao wa miaka 24 amemaliza miaka miwili ya kujitolea JKT na hakubahatika kuajiriwa. Wanataka kufuga kuku wa mayai, na kama hela itatosha watafute shamba Mbarali.

Mtaani wanasikia mambo mawili yanayopingana: kwamba halmashauri ina fungu la wanajeshi wastaafu, na kwamba halipo kabisa. Mwingine anasema Uingereza halmashauri zinabanwa na sheria kuwasaidia askari wao. Kwetu ikoje? Aanzie ofisi gani, na abebe karatasi zipi?

Dirisha_Namba_4

Mkuu, fungu lenye jina la "wanajeshi wastaafu" halipo. Anayemwambia mjomba lipo anampotezea nauli. Kilichopo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kama mikopo, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024 na kanuni mpya. Halmashauri kumi za majaribio, Manispaa ya Songea ikiwemo, zilipangiwa kuitoa kupitia benki. Jiji la Mbeya halimo kwenye hizo kumi.

Sasa waweke wale watatu mezani. Mjomba ana 54: kwenye mikopo hii ujana unaishia miaka 45, na kama hana ulemavu hana kundi. Mkewe anaingia kundi la wanawake, hakuna kikomo cha 45 huko. Kijana anaingia kundi la vijana, na cheti cha JKT akiambatishe, hakimwongezei alama rasmi lakini kamati inaona mtu mwenye nidhamu ya kazi. Kwa hiyo swali la "mstaafu asaidiwe nini" halmashauri hailisikii. Inasikia umri, jinsia na ulemavu. Kama mjomba aliumia kazini na ana ulemavu unaotambulika, hapo mambo yanabadilika, maana mwenye ulemavu anaweza kuomba hata akiwa peke yake.

Njia ni hii: kikundi cha watu watano au zaidi, wote wakazi wa eneo hilo na wasio na ajira rasmi. (Askari aliyeko kazini asiandikwe kama mwanachama wa kujazia idadi, atawaangusha wote.) Kikao cha kwanza, muhtasari wenye sahihi, katiba, usajili kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, andiko la mradi, kisha maombi kwenye mfumo wa mikopo wa TAMISEMI. Yanapita kata kabla ya kufika halmashauri.

Watu wengi wanakwama kwenye jina. Katiba inasema "Tujikomboe Uyole", akaunti inasema "Tujikomboe Group", cheti cha usajili kinasema "Kikundi cha Tujikomboe". Kwa mfumo hivyo ni vikundi vitatu. Waandike jina moja, herufi kwa herufi, kabla ya kwenda benki.

Mama_Banda

Kwa hilo la kuku niseme, maana maandiko mengi yanarudishwa hapa hapa.

Andiko la kuku wa mayai linaandikwa kama vile kuku anataga siku anayonunuliwa. Kifaranga anaanza kutaga wiki ya 18 hadi 20, na kilele ni kuanzia wiki ya 25 hivi. Mpaka aanze kutaga amekula kama kilo 7. Kuku 200 ni kilo 1,400, yaani mifuko 28 ya kilo 50 kabla ya yai la kwanza. Akishaanza, kila mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo 200 wanamaliza karibu kilo 24. Mfuko mmoja ni siku mbili. Kikundi kikiomba hela ya banda, vifaranga na chakula cha mwezi mmoja, mwezi wa tatu wanauza kuku wachanga kununua pumba, na marejesho yanaanza bandani hamna kitu.

Wachague moja. Ama wanunue mitetea ya wiki 16, bei iko juu lakini mayai yako karibu, ama waandike chakula cha miezi mitano na waombe muda wa matazamio (kabla ya kuanza marejesho) unaolingana nacho. Kamati ikiona hesabu ya mifuko imeandikwa wiki kwa wiki, inajua inaongea na watu wanaojua wanachofanya.

Na Uyole siyo Kyela. Juni na Julai vifaranga wanakufa kwa baridi, wanajikusanya pembeni na kulaliana. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 usawa wa migongo yao, siyo usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Mkaa au taa viingie kwenye bajeti kwa jina lake, visifichwe kwenye "mengineyo".

Mnyalu_wa_Mafinga

Wengi wanausahau mlango wa zabuni. Taasisi za umma, halmashauri ikiwemo, zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, na makundi hayo ni vijana, wanawake, wenye ulemavu NA WAZEE. Mstaafu aliyefika 60 ambaye kwenye mikopo hana kundi, huku analo. Kikundi kinasajiliwa kama kundi maalumu kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, na mahali pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii yule yule. Usafi, ukarabati mdogo, chakula cha vikao, ushonaji wa sare: kazi za namna hiyo.

Ukitazama vizuri, wa miaka 46 mpaka 59, mwanaume, mzima wa afya, hana pa kushika. Ni umri ule ule ambao askari wengi wanakuwa wamerudi nyumbani na nguvu bado wanazo. Mimi naona hilo ni pengo la kweli, na madiwani wa mikoa yetu wangepaswa kulisemea.

Kuhusu Uingereza, ni kweli. Kwa sheria yao ya 2021, kuanzia tarehe 22 Novemba 2022 halmashauri zinalazimika kuzingatia hali ya wanajeshi, waliotoka jeshini na familia zao kwenye nyumba, elimu na afya. Ni kuzingatia, siyo kuwapa kila kitu kwanza. Pale England pia, aliyetoka jeshini hawezi kukataliwa kwenye orodha ya nyumba za halmashauri eti kwa sababu hakuwa mkazi wa pale.

Hilo la ukazi ndilo linalomgusa mjomba wako. Amekaa Morogoro na Arusha, Uyole hawamfahamu. Wiki ya kwanza tu aende kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, aandikwe kwenye daftari la wakazi yeye na familia. Barua zote zijazo zinategemea daftari hilo. Apite pia ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya, yule ni mtu wa jeshi na lugha yao ni moja.

Dirisha_Namba_4

Niongezee karatasi.

Pensheni ya mwanajeshi inalipwa na Hazina, halmashauri haiwezi kuigusa, kwa hiyo mkurugenzi asisumbuliwe nayo. Aende Hazina Ndogo ya mkoa. Uhakiki ukitangazwa, awe na barua ya kustaafu, kitambulisho cha pensheni, cha NIDA na kadi ya benki. Akague majina LEO. Hati ya jeshi ikisema Ambakisye na NIDA ikasema Ambakisie, herufi moja hiyo inatosha kusimamisha malipo. Tofauti ndogo hutengenezewa kiapo cha majina kwa wakili, jina tofauti kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Shamba la Mbarali: mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kugawa ardhi peke yake, hata awe na mhuri. Halmashauri ya kijiji inapokea maombi, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia. Aombe kuona muhtasari wa mkutano huo: tarehe, idadi ya waliohudhuria, ajenda inayotaja jina lake na ekari zake. Halafu aulize ofisi ya ardhi ya wilaya kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, na eneo liko wapi ukilinganisha na Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008 la mipaka ya Hifadhi ya Ruaha na marekebisho yaliyofuata. Bonde la Usangu lina mashamba mazuri sana ambayo mtu ameyalipia kiinua mgongo chake chote, kumbe yako ndani ya hifadhi.

Njiapanda_Uyole

Asanteni sana wakuu. Moja la mwisho: mjomba anaweza kuwa mtia sahihi wa akaunti ya kikundi cha mkewe, kwa kuwa ndiye anayejua mahesabu?

Mama_Banda

Hapana. Watia sahihi ni wanachama. Mjomba awafundishe kutunza daftari la mayai na la chakula, kila jioni, tarehe na idadi. Afisa akija kukagua mradi, vitu viwili anavyouliza kwanza ni kuku wenyewe na daftari hilo.