Dakika nane za mwisho: unafyatua au unashuka dunguni?

Mgeni wa Baridi
Wakuu, salaam. Niko Minnesota, na huu ni msimu wangu wa tatu kuwinda swala wa huku, wale wa mkia mweupe. Jumamosi ya kufungua msimu, mwezi wa 11, nilipanda dunguni saa tisa mchana, pembeni ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Jua lilizama saa kumi na dakika 48 (ndiyo, huku Novemba ndivyo). Sheria inaruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo mwisho wangu ulikuwa saa kumi na moja na dakika 18.

Ilipofika saa kumi na moja na dakika 10 dume akatokeza kwenye matete, hatua kama mia moja. Kwa macho matupu niliona weusi tu unatembea. Kwenye darubini ya bunduki niliziona pembe. Nikafyatua.

Akaruka, akarudi mateteni. Tulimtafuta kwa tochi mimi na mwenyeji wangu hadi saa nne usiku. Damu tone hapa, tone pale, halafu ikakata. Tulimkuta asubuhi, mita kama mia tatu, koyote wameshamaliza tumbo na paja moja. Nilimsajili kama inavyotakiwa, kibali changu kikaishia hapo.

Mwenyeji anasema sikuvunja sheria, nilale usingizi. Mke wangu anasema sheria haikuwa imeshika bunduki. Nyie mnasemaje? Naomba majibu ya watu waliowahi kuwinda. Ndugu zetu wa Kenya waliuaga uwindaji tangu 1977, hao nawasamehe.

Nyeri Moja
Ati unatusamehe? Umejeruhi mnyama gizani, ukawaachia mbwa mwitu wa Marekani wakumalizie kazi, halafu sisi ndio tunahitaji msamaha. Hapa kwetu tuliamua mnyama atapigwa picha. Picha haimwachi mtu akitambaa na tumbo wazi usiku kucha.

Mgeni wa Baridi
Nilikuwa natania, ndugu yangu.

Bibi Kamusi
Kabla hamjaenda mbali, huyo si swala. Swala pembe zake ni za kudumu, anazaliwa, anaziotesha, anakufa nazo. Mnyama wa huko Marekani huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Hawa kwetu hawapo kabisa. Afrika nzima yuko mmoja tu wa ukoo huo, na makao yake ni Algeria na Tunisia.

Kijana wa Leicester
Shuleni tulifundishwa ni kulungu.

Bibi Kamusi
Ulifundishwa vibaya, mwanangu. Kulungu tunaye msituni, madoadoa meupe mgongoni, jamaa yake ni tandala. Wafasiri wa Biblia waliona shida hiyohiyo ndiyo maana wakaandika "ayala". Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji." Neno lipo, tulitumie.

Mtani wa Singida
Nyeri Moja, hizo picha zenu zimewasaidia nini? Watu wamehesabu kwa ndege: wanyama wakubwa wa nyanda kavu za Kenya wamepungua zaidi ya nusu tangu mwaka huohuo wa 1977. Hakuna aliyewapiga kwa kibali, wamekwenda wapi?

Nyeri Moja
Walienda kwa jirani wakakutana na nyinyi. Tanzania yenye vibali, vitalu na kila kitu: tembo 2009 walikuwa kama 109,000, 2014 wakahesabiwa kama 43,000. Hao nao walipigwa picha?

Mtani wa Singida
Hao ni majangili! Usichanganye jangili na mwindaji mwenye kibali. Ni sawa na kumchanganya mwizi wa gari na dereva wa teksi.

Nyeri Moja
Tembo anaweza kutofautisha?

Kijana wa Leicester
Narudi kwenye mada. Huku England sheria ya 1991 ni laini zaidi, unaruhusiwa mpaka saa nzima baada ya jua kuzama. Na wenye mashamba wanataka hao wanyama wapungue, wanakula miche yote. Kwa hiyo mkuu Mgeni angekuwa huku angebakiwa na dakika thelathini na nane mkononi. Dhambi yake ingepungua kwa kuvuka bahari?

Mfuata Nyayo
Hapo umegusa kitu, kijana. Hizo dakika zimepimwa na watu wa kaskazini ambao jua lao linazama kwa mlalo, mwanga unajivuta. Kwetu jua likizama limezama, dakika ishirini umekwisha. Mimi nimefuata nyayo Selous zaidi ya miaka kumi, enzi hizo upande ule bado haujawa hifadhi ya Nyerere. Nusu saa baada ya jua kuzama huioni ncha ya mtutu wako mwenyewe. Saa ya mkononi haijui kama kuna mawingu, haijui umekaa chini ya mti gani.

Chui anakuja kwenye chambo saa hizohizo. Mgeni wa kuwinda kalipa fedha za kununua nyumba, mzungu anayemwongoza anamnong'oneza "bado, bado", na mimi nyuma najua akipiga vibaya, anayeingia kichakani kumtafuta chui mwenye hasira si yule mgeni. Na pale kambini kwetu ukimjeruhi umelipa, umempata hujampata. Ukiijua bei hiyo kidole kinakuwa kizito chenyewe.

Mgeni wa Baridi
Mzee wangu, heshima yako. Lakini mimi sikulenga kivuli. Pembe niliziona. Darubini yangu ni nzuri, nimeilipia kwa awamu miezi sita, inavuta mwanga hata usiku.

Fundi Lenzi
Haivuti mwanga. Hakuna darubini ya vioo inayotengeneza mwanga, inakupitishia uliopo na kukupotezea kidogo njiani. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji: milimita 56 kwa 8 unapata 7, ndiyo upana wa mboni ya kijana gizani. Ukikuza mara 14 unapata 4, picha inakuwa kubwa na nyeusi. Na mboni ya mtu mzima haifunguki tena kama ya kijana. Ulikuwa umekuza mara ngapi?

Jambo la pili ndilo linanitisha. Magharibi jicho linahama kutoka kwenye rangi kwenda kwenye weusi na weupe, na rangi za kwanza kufa ni nyekundu na ya machungwa. Zile fulana za machungwa mnazolazimishwa kuvaa huko ili msipigane risasi, dakika hizo zinageuka kijivu kama kila kitu. Wewe ulikuwa unatazama pembe. Nyuma ya pembe kulikuwa na nini?

Mgeni wa Baridi
Ndugu Fundi, mimi nina miaka 38, si "mtu mzima" wa mboni kusinyaa. Na darubini niliipeleka dukani ikapimwa.

Fundi Lenzi
Sijasema wewe mzee. Nimeuliza nyuma yake kulikuwa na nini.

Mwana Mtwapa
Assalaam alaykum. Yote mwayasema ila lililo muhimu, ile nyama iliyobaki yalika au hailiki?

Mgeni wa Baridi
Mabega na mgongo vilikuwa salama, baridi ilikuwa chini ya sifuri. Tumehifadhi.

Mwana Mtwapa
Sikuuliza baridi, ndugu yangu. Ipo hadithi ya Adi bin Hatim, kwa Bukhari na kwa Muslim: ukipiga kiwindo ukakikuta baada ya siku mbili tatu, hakina alama ila ya mshale wako, kula ukitaka. Ukikikuta kimeangukia majini, usile. Waona? Shaka ikiingia imetosha. Na huyu ana meno ya wanyama mwili mzima. Al-Maida aya ya tatu imetaja aliyeliwa na mnyama mkali.

Abu Chanika
Shekhe, aya hiyo ni kwa aliyeuawa na mnyama mkali. Huyu kafa kwa risasi, koyote wamekuta mzoga.

Mwana Mtwapa
Umejuaje?

Abu Chanika
Si kasema alimpiga?

Mwana Mtwapa
Kampiga magharibi, kafa wakati hajui, kafa kwa nini hajui. Mwenyewe hakuwapo. Huo ndio msingi wa shaka, kaka.

Mgeni wa Baridi
Wakuu, mimi ni Msabato, naomba msinihesabu kwenye hilo.

Dada wa Tarime
Kaka yangu, Msabato? Na Kutoka 22 inasema nyama iliyoraruliwa mwituni watupiwe mbwa, wewe umejaza jokofu. Haya tuliache hilo. Umeandika hapo juu ilikuwa JUMAMOSI.

Mtani wa Singida
Ninyamaze mie.

Mgeni wa Baridi
Sabato inakwisha jua likizama, dada. Nimefyatua saa kumi na moja na dakika 10. Sijavunja kitu.

Dada wa Tarime
Saa tisa ulikuwa dunguni unafanya nini? Unaimba nyimbo?

Mgeni wa Baridi
Nilikaa. Kukaa kwenye mti kuangalia uumbaji wa Mungu si kazi.

Dada wa Tarime
Na bunduki.

Nyeri Moja
Nimerudi kwa sababu ya hii pekee.

Kijana wa Leicester
Subiri kwanza. Mkuu Mgeni, kati ya saa tisa na jua kuzama hakupita mnyama hata mmoja?

Mgeni wa Baridi
Walipita majike wawili na dume. Kama saa kumi na robo hivi.

Kijana wa Leicester
Dume yuleyule?

Mgeni wa Baridi
Siwezi kuapa. Pembe zilifanana.

Kijana wa Leicester
Umbali?

Mgeni wa Baridi
Karibu zaidi. Hatua sitini.

Dada wa Tarime
Kwa hiyo saa kumi na robo alikuwa amesimama mchana kweupe hatua sitini, ukamwacha apite kwa ajili ya amri ya nne. Halafu ukampiga hatua mia moja kwenye utusitusi kwa ajili ya saa ya mkononi. Mungu alikupa mnyama, ukamwambia asubiri.

Mgeni wa Baridi
Dada, usiingize Mungu kwenye utani. Mimi nafanya kazi ghala la mizigo Jumapili hadi Ijumaa, Jumamosi ndiyo siku pekee niliyo nayo. Bosi wangu hajui Sabato wala msimu. Siku nzima ya kuwinda sina kabisa. Nilikuwa na zile dakika thelathini za mwaka mzima.

Dada wa Tarime
Hapo sasa umesema. Pole, kaka. Hilo ungeliandika tangu mwanzo.

Mtani wa Singida
Mimi namtetea. Mtu anayewinda kila siku kuacha risasi ni rahisi, kesho atarudi. Mwenye dakika thelathini kwa mwaka ni malaika tu atakayeshuka dunguni mikono mitupu. Nyie mnaohubiri hapa mngefyatua, na mngemkosa.

Fundi Lenzi
Kumkosa kabisa ingekuwa afadhali. Tatizo la mwanga mdogo ni kwamba humkosi, unampata pabaya. Unaona umbo, hulioni bega. Pembe unaziona kwa sababu mbingu iko nyuma yake, mwili uko kwenye matete, umechanganyika. Unakisia bega liko wapi ukianzia pembe.

Mgeni wa Baridi
Nililenga nyuma ya bega. Hilo nina uhakika nalo.

Nyeri Moja
Weusi unaotembea una bega?

Mtani wa Singida
Wewe si ulisema usiku mwema?

Nyeri Moja
Sikusema. Soma tena.

Mfuata Nyayo
Wanangu, acheni kelele kidogo. Mgeni wa Baridi, nikuulize kama ninavyowauliza vijana wangu. Ulipofyatua alifanyaje? Alirusha miguu ya nyuma, au alijikunja mgongo akaondoka polepole?

Mgeni wa Baridi
Alijikunja kama mtu aliyepigwa ngumi. Halafu akatembea. Nimesema aliruka, lakini kwa kweli aliruka mara moja tu.

Mfuata Nyayo
Na mlianza kumfuata baada ya muda gani?

Mgeni wa Baridi
Palepale. Giza lilikuwa linaingia, tuliogopa kumpoteza.

Mfuata Nyayo
Huyo hafuatwi palepale. Anayejikunja hivyo analala karibu, hatua hamsini, mia. Ukimwacha kwa muda wa saa sita, saba, unamkuta palepale amekufa. Ukimfuata na tochi anainuka na kwenda mpaka nguvu zimwishie, na tundu linajiziba kwa mafuta, damu haidondoki. Mita mia tatu mlimwendesha nyinyi. Ila na nyinyi mlikuwa na koyote, mngemwacha mngewakuta wao. Mchana ungekuwa na saa za kusubiri. Usiku hukubakiwa na njia yoyote iliyo nzuri.

Mwana Mtwapa
Subhanallah.

Mfuata Nyayo
La mwisho. Pale alipokuwa amesimama, kabla ya damu, risasi hunyoa nywele. Mlipomulika tochi mliziona?

Mgeni wa Baridi
Tuliziona, mzee wangu. Kishungi hivi.

Mfuata Nyayo
Za bega ni za kahawia. Zilikuwa za rangi gani?

Mgeni wa Baridi
Nyeupe.

Mfuata Nyayo
Haya.

Ndege Mpole
Wakuu habari za leo, nimechelewa kuingia na sijasoma zote. Kwa hiyo tumekubaliana ni ayala au ni kulungu? Mtoto ana mtihani kesho.