Ushauri: Tuko kwenye utume Pemba, Msumbiji. Mke anataka turudi nyumbani, nifanyeje?

Mjumbe wa Ruvuma (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mwinjilisti. Mwaka 2019 ushirika wetu wa huko Kusini ulinituma Pemba, Msumbiji, pamoja na mke na watoto watatu. Kazi kubwa ni kwa waliokimbia vita, watu wa Mocímboa da Praia, Palma na Macomia. Asubuhi nafundisha kusoma, jioni ibada chini ya mwembe. Mke wangu alikuwa na kundi la akina mama la kushona. Kimwani, lugha ya pwani ya hapa, kina Kiswahili kingi ndani yake na Wamakonde ni ndugu zetu, kwa hiyo mara nyingi sihitaji mkalimani.

Desemba 2024 kimbunga Chido kilibeba bati zote za nyumba tuliyopanga. Tangu siku ile mwenzangu anasema basi, turudi. Mimi naona kazi ndiyo kwanza imeshika. Swali langu ni la mtoto mkubwa. Alisoma kwa Kireno hadi la tano, sasa yuko la sita, hisabati bibi yake anamsaidia. Mtoto wa namna hii ataushika mtaala wa Tanzania hadi mtihani wa la saba? Naombeni uzoefu.

Mama Wawili
Ataushika, usiogope. Sisi tulitoka Lubumbashi wangu akiwa la nne, kasoma kwa Kifaransa. Kilichomtesa ni Kiswahili! Akisema "ninaendaka" darasa zima linaangua kicheko, akakaa wiki nzima hataki kufungua mdomo. Nilimtafutia mwalimu wa jioni, mwaka haukuisha akawa sawa. Watoto ni wepesi kuliko sisi.

Kobe Mjanja
Mimi nimekaa Wete miaka 3, Wapemba ni wakarimu mno. Ila kuhubiri Injili kule uwe na hekima, mkuu.

Mto Lukuledi
Kobe, hiyo ni Pemba ya Cabo Delgado, Msumbiji, si kisiwa.

Kobe Mjanja
Aisee, samahani. Suala la hekima lakini libaki palepale.

Mto Lukuledi
Mwanzisha uzi, nimesoma mara mbili. Mke "alikuwa na" kundi. Mtoto "alisoma" Kireno. Bibi anamsaidia hisabati. Huyo bibi naye yuko Pemba? Watoto wako wapi?

Mjumbe wa Ruvuma
Bibi yuko Newala. Watoto na mama yao wako kwake tangu Januari, waliwahi shule kufunguliwa. Sikuliandika kwa sababu nilichouliza ni masomo.

Dada Tumaini
Kaka, huo si ushauri wa masomo tena. Ushirika uliokutuma unajua kwamba uko peke yako?

Mjumbe wa Ruvuma
Bado. Kila mwezi naandika barua ya maombi, inasomwa Jumapili kanisani. Picha ya juu ni ileile ya sisi watano. Posho inakuja ya familia, na Mungu ni shahidi, naituma yote Newala, mimi nakula kwa waumini. Sijala senti ya mtu. Nikisema familia imerudi, wazee wataniita nirudi na mimi, na hapa kuna watu 46 wa ubatizo. Nitawaacha na nani? Halafu mwezi uliopita nilisaini kuongeza miaka miwili.

Dada Tumaini
Ulisaini mwenzio akijua?

Mjumbe wa Ruvuma
Nitamweleza nikienda likizo.

Mzee wa Baraza
Mwanangu, nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu. Paulo alimwambia Timotheo waziwazi: asiyeweza kuisimamia nyumba yake, kanisa la Mungu atalitunzaje? Hao wa ubatizo wana Mungu wao. Watoto wako baba yao ni wewe tu. Na barua inayosomwa madhabahuni ikiwa na picha isiyo ya kweli, tunaoisikiliza tunaomba kitu gani? Mimi ningekuwa kwenye kiti pale ningeumia sana.

Msoma Historia
Jambo hili lina wenzake. Mwaka 1852 mmisionari Livingstone alimpandisha mkewe Mary na watoto meli pale Cape Town waende Uingereza, yeye aendelee na safari zake. Mama wa watu alihangaika huko miaka, hana hata makao ya kueleweka. Alipokuja kumfuata tena Zambezi, homa ikamuua Aprili 1862. Kaburi lake liko Shupanga, kwenye nchi hiyohiyo uliyopo. Mtoto wao Robert akaenda kufia vitani Marekani, kwa jina lisilo lake. Shuleni tulikaririshwa njia alizopita Livingstone. Huyu mama sikumsikia hata siku moja.

Chuma Ulete
Jamani, hii ni chai. Mmisionari Mtanzania tangu lini? Wamisionari ni Wazungu. Subirini, kesho ataleta namba ya kuchangia bati.

Mama Wawili
Weee, nami nilianza kupata wasiwasi. Picha hakuna, jina la kanisa hakuna.

Mto Lukuledi
Kanisa la Moravian Malawi na Zambia lina mizizi Tanzania, Chuma. Tunatuma watu siku nyingi. Mjumbe, mtoe wasiwasi: daladala hapo mnaitaje?

Mjumbe wa Ruvuma
Chapa. Kitenge ni kapulana. Hao waliokimbia vita ni deslocados. Sitaki mchango wa mtu, wala sitaweka namba yoyote hapa. Jina la kanisa nimelificha kwa sababu wapo washirika wetu humu.

Chuma Ulete
Chapa hata mimi naweza kuitafuta mtandaoni. Haya, familia ilipita njia gani kurudi?

Mjumbe wa Ruvuma
Pemba, Montepuez, Mueda, halafu Negomano kwenye Daraja la Umoja, mpakani. Walilala Mueda, usiku hakuna gari linalotembea. Asubuhi dereva hakutaka kuondoka mpaka magari yawe mengi. Kuanzia hapo simu ya mke wangu haikupatikana kutwa nzima. Nilifundisha darasa la kusoma siku hiyo, sikumbuki nilifundisha nini. Saa kumi jioni ikaingia namba ya Tanzania, walikuwa wamefika Mangaka. Mke wangu hakusema kitu, alimpa simu mtoto wetu mdogo. Akaniuliza, "Baba, na wewe umeshapanda gari?"

Dada Tumaini
Ukamjibuje?

Mjumbe wa Ruvuma
Nilimwambia nakuja nyuma yao.