Sajenti Leakey atajwe Siku ya Mashujaa ya Kenya?

Mzee wa Kiganjo: Nigel Gray Leakey, sajenti wa Keya (King's African Rifles, KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), mzaliwa wa Kiganjo, Nyeri. Mei 19, 1941, kule Colito, Uhabeshi, wamevuka mto Billate bila silaha za kuzuia vifaru, vifaru vya Waitaliano vikawatokea kwa nyuma. Akarukia kimoja, akang'oa mfuniko, akapiga bastola waliomo, akambakiza dereva amwendeshe hadi mafichoni. Alikufa akivifuata vingine. Uingereza ikampa Victoria Cross (VC), nishani yake kuu ya ushujaa vitani, 1945. Sisi je?

Damu ya Nyeri: Nishani ya mkoloni, shujaa wa mkoloni. Baba yake alikuwa setla, Mau Mau wakamuua 1954. Mnajua kwa nini.

Tuliza Boli: Baba anaingiaje? Aliyekufa 1941 utamshtaki kwa ya 1954?

Damu ya Nyeri: Na ardhi ilichukuliwa mwaka gani? Jibu hilo kwanza.

Mwana wa Tabora: Ngojeni. Alikuwa batalioni ya sita, na 6 KAR ilikuwa ya Tanganyika. Mnagombania nini Wakenya?

Tuliza Boli: Mlima Kilimanjaro wenu, mbuga zenu, sasa hata sajenti wa Kiganjo wenu!

Mwana wa Tabora: Simtaki sajenti wenu. Nawataka aliokuwa nao. Maelezo ya nishani yenyewe yanasema alipovinyemelea vifaru tena alikuwa na sajenti meja Mwafrika na askari wawili. Yeye ana jina na ukoo, ndugu wa akina Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale. Hao watatu hawakutajwa hata jina moja! Babu yangu alikuwa Keya, alirudi na koti la jeshi na medali waliyogawiwa wote. Nani alimuuliza alifanya nini?

Mzee wa Kiganjo: Ndugu, Waafrika walipewa Military Medal, nishani ya ushujaa iliyo chini ya VC, si kwamba walisahaulika.

Mwana wa Tabora: Nitajie askari mweusi mmoja wa bara hili aliyepata VC vita ile. Mmoja tu.

Tuliza Boli: Babu yangu mimi alipigana Burma. Msijifanye Tanganyika ndio mlikufa peke yenu.

Mwana wa Tabora: Nani kasema peke yetu? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw huko Burma 1944 ilikuwa na batalioni zetu humo humo. Pengine babu zetu walilala handaki moja, na wewe unanitukania mlima.