Ryokan zinazouza "maji halisi ya chemchemi" huku pampu inazungusha yaleyale

Wakuu, hili la ryokan, zile nyumba za wageni za jadi za Japani, limezidi. Picha ya tangazo inaonyesha bwawa la mbao linafuka mvuke, bei inatozwa kwa kichwa na si kwa chumba, na juu yake kodi ya kuoga, kwa kawaida yen 150 kwa mtu. Mgeni anaingia majini, anakutana na harufu ya klorini. Akiuliza, anaambiwa sheria haijavunjwa. Na kweli haijavunjwa, ndiyo inayokera!

Sheria ya Japani ya 1948 inaita maji onsen, yaani maji ya chemchemi ya kuogea, yakitoka ardhini na nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiwango kilichowekwa cha kimoja tu kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa. Kwa hiyo maji ya uvuguvugu yaliyopashwa kwa boila, yakazimuliwa kwa ya bomba, yakachujwa na kurudishwa bwawani, bado ni onsen.

Mwaka 2004 huko Shirahone, Nagano, ilibainika watu wanatia unga ili maji yawe meupe kama maziwa. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa: lazima ibandikwe kama maji yanaongezwa, yanapashwa, yanazungushwa au yanatiwa dawa, na sababu yake. Sawa, karatasi ipo. Lakini ipo chumba cha kuvulia nguo, kwa Kijapani kitupu, na pesa umeshalipa. Kwenye ukurasa wa kuweka nafasi, kimya.

Shikeni alama hizi: 加水 maji yameongezwa, 加温 yamepashwa, 循環 yanazungushwa, 消毒 yametiwa dawa. Mbele yake mara nyingi kuna あり (ndiyo) au なし (hapana). Karatasi nyingine mtakayoiona, ya vipimo vya madini, isiwababaishe, inahusu maji ya chimbuko, si ya bwawani. Vipimo vinatakiwa virudiwe kila miaka 10, kwa hiyo angalieni na tarehe.

Bwawa lenyewe nalo linasema. Maji ya kutiririka moja kwa moja, gensen kakenagashi, yanaingia mfululizo na kufurika ukingoni mfululizo, na mara nyingi pale yanapopita sakafu imeota gamba la madini. La pampu, pitisha mkono chini ya maji ukutani: tundu moja lenye wavu linanyonya, jingine linasukuma maji ya moto, na ukingo mara nyingi ni mkavu.

Klorini yenyewe siipingi. Legionella, bakteria wanaoleta homa ya mapafu, hujificha kwenye mabomba na machujio. Mwaka 2023 ryokan moja kongwe ya Fukuoka ilikutwa nao mara 3,700 ya kiwango kinachoruhusiwa, maji yakibadilishwa mara mbili tu kwa mwaka wakati kanuni za mkoa zinataka angalau mara moja kwa wiki. Anayezungusha maji atie dawa, tena ya kutosha. Ila aseme kabla ya kupokea hela!

Na wale wa "maji yetu ni ya moto mno, lazima tuzimue"? Kusatsu, mji wa chemchemi za moto, tangu zamani watu waliyakoroga kwa mbao ndefu yapoe bila tone la maji mengine.

Kabla ya kulipa, waandikieni swali moja: bwawa lipi hasa ni la kutiririka, la ndani, la nje au la chumbani? Nyumba moja inaweza kuwa na kibwawa kidogo cha kutiririka, na lile kubwa la kwenye picha likawa la pampu.