Mafundi wa kompyuta, nani kawaambia kurudisha saa nyuma ndiyo "saa ya Kiswahili"?

Wakuu, salaam. Leo nina povu, mnivumilie.

Mimi ni karani wa chama kimoja cha msingi cha korosho huku Tandahimba, chama gani msiniulize. Kompyuta ya ofisi ilikuwa inapoteza tarehe na saa kila umeme ukikatika, maana ile betri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032, ilishakufa. Akaitwa fundi kutoka mjini. Betri kabadilisha vizuri, hapo sina neno. Ila wakati anafunga mikoba, bosi mmoja akamtania, "Na hiyo saa nayo isome Kiswahili, bwana." Jamaa hakusita. Kazima muda unaojirekebisha wenyewe kwa intaneti, karudisha saa nyuma kwa saa sita, kalipwa, kaondoka.

Asubuhi kioo kikasoma 1:40. Ofisi nzima ikafurahi, saa moja na dakika arobaini kweli! Mbele ya hiyo 1:40 kuna AM, na hiyo hakuna aliyeitazama.

Sasa stakabadhi zetu zinatoka kwenye fomu ya Excel inayojaza muda yenyewe. Kaja mzee mmoja na karatasi mkononi, mjukuu wake wa sekondari kamsomea. "Mwanangu, hapa mmeniandika nimeleta magunia saa saba na dakika arobaini usiku. Mnataka kunipa kesi?" Watu wa Kusini mnajua uzito wa swali hilo. Korosho inayopita mzanini usiku wa manane ni ya kangomba, biashara ya magendo ya korosho, au ni ya wizi, nani atakusikiliza ukisema vingine? Nikamwomba radhi mzee wa watu, nikamwandikia muda kwa kalamu, nikagonga muhuri. Nyuma yake foleni yote imenyoosha mikono na makaratasi, kila mmoja anataka wake.

Barua pepe nazo ni vilevile. Nikituma saa nne asubuhi, wa chama kikuu anaiona imeandikwa saa kumi alfajiri. Nimeshaulizwa kama nalala ofisini.

Kurudisha siwezi, fundi kaweka nywila ya msimamizi na kaondoka nayo. Nilichoweza ni kubadilisha ukanda wa saa, hicho Windows hainizuii. Nimeuweka wa Tokyo, UTC+9, ulio mbele ya wetu kwa saa sita, namba za kwenye kioo zikakaa sawa. Yaani karani yuko Tandahimba, kompyuta iko Japani! Na barua pepe bado zinadanganya, kwa sababu muda wa ndani kabisa umebaki umepinda.

Na waliotengeneza hiyo Windows siwaachi. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 waliondoa hata sekunde kwenye saa ya pale chini. Watu wakalalamika mpaka zikarudi 2023, zikaja na onyo kwamba zinakula umeme zaidi. Kalenda ya Wachina ya mwezi mwandamo wameiwekea nafasi yake palepale kwenye saa, na ni haki yao. Menyu za Kiswahili nazo zilikuwepo kwenye Windows 10. Lakini mwenye lugha yake anayehesabu saa kuanzia jua linapochomoza, huyo hakuna aliyemkumbuka. Hata ukanda wetu umeandikwa Nairobi, Dar es Salaam hutaiona kwenye orodha.

Fundi angeuliza tu, kuna njia isiyovuruga kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika timedate.cpl, nenda sehemu ya pili, ya kuongeza saa nyingine, chagua Buenos Aires. Argentina iko nyuma yetu saa sita kamili, na tangu 2009 hawachezei saa kwa kufuata majira. Kwetu ikiwa saa moja asubuhi, kwao inasoma 1:00 AM. Kwetu saa moja usiku, kwao 1:00 PM. Kwa hiyo AM inakuwa mchana na PM inakuwa usiku, na saa kuu haijaguswa.

Kinachoudhi ni kwamba saa hiyo ya pili huioni mpaka usogeze mausi juu ya ile kuu. Na kabla hujaniambia niingie intl.cpl, kwenye mipangilio ya eneo, nibadilishe AM na PM ziandikwe mchana na usiku: inawezekana, ila inazibadilisha saa zote mbili kwa pamoja. Saa kuu itakuandikia "1:40 usiku" jua likiwa utosini. Ndio tumerudi kwa mzee wangu na magunia yake.

Enzi za Windows 7 ulikuwa unabandika saa ya mishale kwenye kioo na kila moja unaichagulia ukanda wake. Mwaka 2012 wakashauri watu wazime vile vijiprogramu kwa sababu ya usalama, mbadala hawakutupa. Naona siku hizi programu ya Rainmeter inaweza, unaandika TimeZone=-3, yaani ukanda wa Argentina, basi. Aliyeitumia kwenye mashine ya RAM ya GB 4 aniambie kama haiilemei.

Na wewe fundi, najua humu unapita. Nywila. Namba yangu unayo, msimu haukusubiri.