Brokoli kwenye eafraya: ncha zinaungua, shina gumu, mezani imelegea. Nifanyeje iwe krispi?

Nyabo_Ntinda
Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri kuhusu brokoli ya eafraya (mashine ya kupikia kwa hewa ya moto), ile inayotafunika kwa mlio, siyo ya kuchemka. Mashine ni ya lita 4, wati 1,500, ya kikapu cha kuvuta. Brokoli ni mbichi ya soko la Nakasero, Kampala, kichwa cha karibu nusu kilo. Inakatwa, inaoshwa, inatiwa mafuta na chumvi, kisha kichwa kizima kinaingia kwa mkupuo mmoja, nyuzi 200, dakika 12. Matokeo: ncha nyeusi na chungu, shina bado gumu, na maji yametuama chini ya kikapu. Ikifika mezani imelegea kabisa. Naomba vipimo kamili, tafadhali, siyo "weka kiasi". Je, unga wa mahindi unasaidia?

Mpishi_Jinja
Dada, jibu lako ni hayo maji ya chini ya kikapu. Brokoli karibu asilimia 90 ni maji, na juu yake umeongeza ya kuoshea. Uso wa mboga ukiwa na maji, joto lake linakwama karibu nyuzi 100 mpaka maji yaishe, wakati rangi ya kahawia na ladha ya kuchoma zinahitaji nyuzi 140 kwenda juu. Kikapu kikijaa, mvuke wa kishada hiki unakipikia kishada kile. Hapo eafraya imegeuka sufuria ya mvuke.

Fanya hivi. Kata vishada vya sentimita 3 hadi 4, na kila kimoja ukipasue katikati ya shina ili kiwe na upande bapa. Upande huo ndio utakaogusa kikapu na kupata rangi. Shina kuu usilitupe: menya ganda la nje lenye nyuzi, kata vipande vya unene wa nusu sentimita. Shina lako linabaki gumu kwa sababu linaingia nene na ganda lake, siyo kwa sababu muda ni mfupi. Ukiongeza muda utaunguza ncha tu.

Loweka dakika 10 kwenye maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, maua yakiangalia chini. Vidukari na viwavi wadogo hujificha humo na maji ya bomba peke yake hayawatoi. Suuza, kung'uta, kisha tandaza juu ya taulo safi, maua chini, angalau nusu saa. Dirishani penye upepo ni bora zaidi. Kugusa shina hakutoshi kujua kama imekauka. Bonyeza maua kwa kitambaa kikavu, kikitoka na unyevu bado. Maua hushika maji kama sifongo, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kwa gramu 250 za vishada, tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti yaliyosafishwa. Changanya kwa mikono kwenye bakuli pana, uyasugue mpaka ndani ya maua. Ncha kavu isiyo na mafuta huungua kabla haijaiva. Chumvi robo kijiko cha chai, na uitie wakati mashine imeshapata moto, siyo kabla, kwani ikikaa inavuta maji nje.

Pasha mashine dakika 3 kwa nyuzi 190. Panga vishada safu moja, vikaribiane bila kupandana. Kichwa chako cha nusu kilo, kwa kikapu cha lita 4, ni awamu mbili. Nyuzi 190, dakika 8 hadi 10. Tikisa dakika ya 4, na ya 7 fungua uangalie. Kuanzia dakika ya 7 mambo huenda haraka: dakika moja ndiyo tofauti ya kahawia na nyeusi.

Kaka_Kabale
Naongeza la sokoni. Chagua kichwa kizito kuliko ukubwa wake, maua yamefumba na kubana, kijani kilichokolea au chenye zambarau kidogo. Geuza utazame pale kisu kilipopita: pakiwa pakavu, pamepasuka au pana shimo, kimekaa sana. Kikianza njano, maua yamefunguka. Hayo huungua mapema na kunuka kabeji. Brokoli ni mmea wa baridi, jua la soko huifungua upesi, kwa hiyo nunua asubuhi. Kwenye friji iweke bila kuiosha, katika mfuko wenye matundu.

Fundi_Tororo
Kuna jambo la umeme ambalo wapishi hawalitaji. Mashine ya wati 1,500 hutoa wati hizo ikipata volti 240. Kipashio hufuata mraba wa volti, kwa hiyo jioni zikishuka mpaka 200 unabaki na takriban wati 1,040, yaani karibu theluthi moja ya moto haipo. Kidhibiti joto kitaonyesha 190 kama kawaida, lakini kila ukifungua droo joto linachelewa kurudi na mboga inazidi kutoa mvuke. Taa zikififia saa mbili usiku, punguza mboga kikapuni, pasha mashine dakika 5 badala ya 3, na usiifungue zaidi ya mara moja.

Tena, ichomeke moja kwa moja ukutani. Inavuta zaidi ya ampea 6, na nyaya nyembamba za ekstensheni hupata moto na kupunguza volti zaidi. Kuhusu Yaka (umeme wa kulipia kabla) usiogope: dakika 10 kwa wati 1,500 ni robo yuniti.

Nyabo_Ntinda
Asanteni sana. Kaka fundi, la volti linaeleza kwa nini mchana hutoka afadhali. Sasa mbili zaidi. Ndani ya kikapu huwa kuna karatasi ya kuokea ili kupunguza kazi ya usafi, je, ina ubaya? Na awamu ya kwanza ikitoka inasubiri kwenye hotipoti mpaka ya pili iive. Ni sawa?

Mpishi_Jinja
Vyote viwili acha. Karatasi inaziba matundu, hewa haipiti chini, na upande wa chini unachemka. Hotipoti ndiyo inayokuletea mlegeo mezani: mvuke hauna pa kutokea, unarudi kwenye maua. Awamu ya kwanza itandaze kwenye sinia pana bila kufunika. Ya pili ikiiva, rudisha zote pamoja dakika 2 kwa nyuzi 190. Hapo kujaa kikapu si tatizo kwa sababu maji yameshatoka. Na mpangilie mlo: wali na samaki viive kwanza, brokoli iwe ya mwisho. Ukiilundika juu ya wali wa moto, dakika 5 tu imekwisha.

Shangazi_Mbale
Mwanangu, umeuliza unga na hawakukujibu. Unga wa posho (wa ugali) usitie. Chenga zake ni kubwa, haziivi kwa muda huo, utatafuna mchanga. Kinachofaa ni wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kufanyia mchuzi uwe mzito. Gramu 250 za brokoli, kijiko kimoja cha chakula cha wanga, na mafuta yaongeze yafike kijiko kimoja na nusu. Mafuta kwanza, wanga baadaye, uunyunyize kwa chujio huku unageuza. Pasibaki doa jeupe kavu: eafraya haizamishi chakula kwenye mafuta, wanga mkavu utabaki chokaa mpaka mwisho.

Mpishi_Jinja
Shangazi, kwa heshima, vipimo vyako ni sahihi, ila kwa brokoli mbichi iliyokaushwa vizuri mimi singetia wanga. Unaficha ladha ya maua yaliyochomeka, na ukipoa unakuwa ngozi. Ningeuweka kwa koliflawa, ambayo haina maua mepesi ya kukauka yenyewe.

Shangazi_Mbale
Kwa atakayekula papo hapo, sawa, nakubali. Lakini anapikia watoto, na mtoto anataka mlio. Wanga unausaidia mlio udumu kidogo. Ajaribu kikapu kimoja hivi na kingine vile, wale wenyewe wachague.

Jiko_Arua
Kuhusu viungo: kitunguu saumu kibichi kisiingie mwanzoni, kinaungua na kutoa uchungu kabla brokoli haijaiva. Kisage, changanya na kijiko cha chai cha mafuta, kimwagie dakika 2 za mwisho. Simsim (ufuta) vivyo hivyo, dakika 2 za mwisho, au ikaange pembeni uinyunyize mezani. Karanga za kusaga zina mafuta mengi na huwa nyeusi haraka; zitumie kama kitoweleo, siyo kupaka. Odii, yaani rojo la simsim na karanga zilizosagwa, vijiko viwili vya chakula, ikilegezwa kwa maji ya moto na ndimu, ni ya kuchovyea na inaipendeza brokoli kuliko mayonezi. Ndimu juu ya brokoli yenyewe ikamuliwe mtu anapokaa kula, si kabla, kwa sababu ni maji na pia inafifisha kijani.

Viungo vya pakiti vya mchuzi huwa na chumvi tayari, kwa hiyo ukivitumia acha chumvi nyingine.

Nyabo_Ntinda
Nashukuru mno, shangazi na nyote. La mwisho: siku ambayo mbichi haipatikani, ile ya kugandishwa ya supamaketi inafaa?

Jiko_Arua
Inafaa, lakini usitarajie mlio uleule. Hupitishwa kwenye maji ya moto kabla ya kugandishwa, na barafu hupasua chembe zake, ndiyo maana inatoa maji mengi. Usiiyeyushe. Itie ikiwa imeganda kwenye mashine iliyopata moto, nyuzi 200, dakika 5, bila mafuta wala chumvi. Toa kikapu, mwaga maji yaliyo chini, futa droo kwa kitambaa ukijihadhari na moto. Ndipo utie kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa gramu 250, uchanganye, na urudishe dakika 6 hadi 8, ukitikisa mara moja. Vishada vikubwa vya pakiti vipasue kwa kisu baada ya zile dakika 5 za kwanza, vikiwa vimelainika, na huo upande uliopasuliwa ulaze chini.